Jinsi ya Kukadiria Msimu wa Tornado wa Marekani Wiki na Miezi Kabla

Kituo cha Utabiri wa Dhoruba cha Marekani, kilichoko Norman katika jimbo la Oklahoma, hutoa ramani za hatari ya tornado (nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini), mvua ya mawe na pepo kali kwa muda usiozidi siku 8 mbele. Anayetaka kuvuka mpaka huo, aseme mwezi Februari jambo la maana kuhusu Aprili na Mei, hana budi kubadili swali: haulizi tena dhoruba itapiga wapi na siku gani, bali anauliza kama mazingira yanayozaa dhoruba yatajitokeza mara nyingi kuliko kawaida. Mazingira hayo ni hewa yenye joto na unyevu karibu na ardhi, hewa baridi juu yake, na upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda.

Anza na Bahari ya Pasifiki. Tazama joto la uso wa bahari katika eneo liitwalo Niño 3.4, kwenye ikweta katikati ya bahari hiyo, kati ya longitudo 170 na 120 Magharibi. Likiwa chini ya wastani kwa nusu nyuzi ya Selsiasi au zaidi, na hali hiyo ikadumu miezi kadhaa, hiyo ni La Niña. Mkulima wa Afrika Mashariki analijua jina hilo kwa sababu ya kukosa mvua za vuli, lakini Oklahoma, Arkansas na majimbo jirani hulihusisha na ongezeko la tornado na mvua ya mawe, kwa kuwa La Niña huuhamisha mkondo wa upepo wa juu na kurahisisha unyevu kupanda kutoka kusini. Milipuko mikubwa ya tornado, yaani siku chache zenye tornado nyingi mfululizo, ya Aprili 1974 na Aprili 2011 yote miwili ilitokea wakati wa La Niña. El Niño, yaani hali ya kinyume ambapo eneo hilo la bahari huwa na joto kuliko wastani, kwa kawaida huyatuliza majimbo hayo, ingawa Florida haina nafuu hiyo: usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari 1998, El Niño ikiwa kali, tornado ziliua watu 42 huko.

Kisha angalia Ghuba ya Meksiko, ambayo ndiyo chungu cha unyevu wote huo. Maji yake yakiwa na joto kuliko kawaida mwezi Machi, ongeza kidogo makadirio yako. Yakiwa baridi, punguza, hata kama Pasifiki inakutia tamaa.

Zikibaki wiki mbili hadi nne, hamia kwenye wimbi la Madden-Julian, yaani mkusanyiko wa mawingu na mvua unaosafiri kuelekea mashariki katika ukanda wa tropiki na kurudia mzunguko wake baada ya siku 30 hadi 60. Binafsi naliamini zaidi kuliko viashiria vya msimu mzima, kwa sababu hueleza ni lini mkondo wa upepo wa juu utakapoamka juu ya Marekani.

Sasa andika tarakimu, usiandike maneno matupu kama "msimu mkali". Katika daftari langu mstari mmoja wa uwezekano wa idadi ya tornado katika msimu husomeka hivi: juu ya wastani asilimia 45, wastani asilimia 33, chini ya wastani asilimia 22. Anayesoma mgao huo kama ahadi ameusoma vibaya, kwani uwezekano wa kutozidi wastani bado ni asilimia 55. Mwaka 2012, baada ya majira ya baridi ya La Niña, mwezi Machi ulianza kwa kishindo, kisha kuanzia Mei msimu ukanyamaza.

Makadirio haya yanamfaa anayepanga bajeti ya bima, akiba ya vifaa au zamu za waokoaji. Yasitumike kuamua kama familia iandae mahali pa kujificha: tornado iliyoua watu 24 mjini Moore, Oklahoma, tarehe 20 Mei 2013, ilipiga katika mwaka ambao idadi ya tornado nchini ilikuwa chini ya wastani.