Kutweka Tanga la Ngalawa kwa Gofia na Jarari

Nahodha wa ngalawa akiona tanga linapanda kwa shida, mara nyingi hulilaumu tanga lenyewe, ilhali kasoro iko juu, pale henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, inapopita kwenye tundu la kilele cha mlingoti. Ushushe mlingoti ulitazame tundu hilo: ukikuta mdomo wake umechimbika na kamba imetoa manyoya, ujue kwamba nguvu zako nyingi zinaishia kwenye msuguano na kwamba kamba hiyo inakatika kidogo kidogo. Mimi niliyaona manyoya hayo nikayapuuza, hadi henza ikakatika katikati ya upepo wa kusi na foromali, yaani mti unaobeba tanga, ikaanguka shibiri moja tu kutoka mguuni pa mwenzangu. Tangu siku hiyo sianzi msimu bila kuushusha mlingoti.

Majahazi yana dawa ya jambo hili tangu zamani, nayo inafaa ngalawa vilevile. Henza haivutwi moja kwa moja kwa mkono, bali ncha yake ya chini hufungwa kapi liitwalo gofia, na ndani ya gofia hupita kamba nyembamba zaidi, yaani jarari, ambayo ncha moja hukazwa chini karibu na shina la mlingoti na nyingine huvutwa. Uzito mkononi hupungua karibu nusu, ingawa kamba utakayoivuta huwa ndefu maradufu.

Vipimo ndivyo vinavyowashinda wengi, kwa hiyo vipangwe kabla ya kukata chochote. Tanga likiwa chini, gofia huwa juu karibu na kilele, hivyo jarari hulazimika kupanda hadi huko na kushuka tena. Kwa mlingoti wa mita 4, kata mita 10, yaani 8 za kupanda na kushuka na 2 za kufungia. Henza nayo iwe na urefu ambao, foromali ikifika kileleni, gofia inabaki shibiri moja juu ya sakafu, kwa maana ikigusa sakafu mapema, tanga halitafika juu hata uvute vipi.

Kwa henza chagua kamba ya poliesta, kwa sababu nailoni hunyumbuka na foromali hushuka taratibu upepo unapokaza, na ile ya plastiki inayoelea huharibiwa upesi na jua. Gurudumu la gofia lisipungue mara 5 ya unene wa kamba, maana kamba inayokunjwa sana huchoka kwa ndani pasipo kuonekana. Tundu la mlingoti lilainishwe kwa tupa ya mviringo, kisha kwa msasa, hadi kidole kizunguke mdomoni bila kukwaruzwa, kisha lipakwe mafuta.

Gofia isifungwe kwa fundo, kwani fundo laweza kuipunguzia kamba hadi nusu ya nguvu zake. Fumua misokoto mitatu ya ncha ya henza, izungushe kwenye jicho la gofia, kisha uipenyeze kila msokoto chini ya mwenzake wa kamba nzima, mara 5 kwa zamu, ukiukaza kila mmoja kabla ya kuingia mzunguko unaofuata. Ncha nyingine zote zizungushiwe uzi uliopakwa nta.

Ukishatweka tanga, jarari ifungwe upande wa joshini, yaani upepo unakotoka, kwani huko husaidia kuushikilia mlingoti usilale. Iwe jarari au demani, yaani kamba ya kukazia na kulegezea tanga, tumia fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Demani iliyokazwa kwa fundo gumu imepindua vyombo vingi.

Jaribu kwanza ufukweni, upepo ukiwa mdogo. Baadaye, kila manyoya yakianza kujitokeza kileleni, kata shibiri moja ya henza upande wa foromali na uifunge upya, ili mahali papya pabebe mzigo; siku henza itakapokuwa fupi kiasi cha kuizuia foromali isitue, weka nyingine.