Kuonja ramu na wiski kwenye joto letu hili

Wenzangu wa baa za hoteli, Nungwi, Paje, popote mlipo, ukitaka kuonja kinywaji ukitolee maelezo ya maana usionjee ufukweni na upepo ule wala chini ya feni, kazi kubwa ni ya pua na harufu yote inapeperuka. Halafu chupa ikishinda kaunta na joto hili, spiriti inakupanda puani inachoma tu, basi iweke kwanza pahala pa ubaridi, ila sio friza, ikipoa sana harufu nayo inalala.

Gilasi iwe ya tumbo pana mdomo mwembamba, mimina kidogo, usizamishe pua, na mdomo wako uache wazi kidogo unaponusa. Kisha tia matone mawili matatu ya maji unuse tena. Wachanganyaji wa wiski kule Scotland huipunguza kwa maji hadi kilevi kiwe kama asilimia 20 wakiwa wananusa, kwahiyo wala usione haya.

Na sie tuna karafuu jamani! Pipa la mwaloni linatoa eujenoli, ndo ileile inayoipa karafuu harufu yake, basi chukua karafuu moja kavu, ivunje kichwa, inuse, rudi kwenye ramu iliyokaa pipani uitafute mle ndani. Jini (gin) nayo fanya hivyohivyo na mbegu za gilgilani, jini nyingi hutiwa mbegu hizo.

Wiski ya moshi iwe ya mwisho, ukianza nayo ulimi ushakwisha. Na andika palepale, kabla hujamimina nyengine.