Somo: Linux imekataa kuwaka kwenye laptopu ya UEFI? Soma hapa kabla ya kufuta diski

Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na karibu kila muulizaji huja akiwa amekwisha kushauriwa aifute diski nzima na kuanza upya. Kuanzia leo atakayeuliza ataelekezwa hapa. Mifano ni ya Ubuntu. Debian na Linux Mint hufuata njia ile ile, na watu wa Fedora nimewawekea neno lao kwenye hatua ya sita.

Hatua ya kwanza ni kutambua mashine inakwama wapi. Ikiwa Windows inafunguka yenyewe, au fimwea (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine, yaani UEFI yenyewe) inalalamika kwamba haioni kifaa cha kuwashia, basi GRUB, programu inayoiwasha Linux, haijafikiwa kabisa. Ukikuta skrini nyeusi yenye neno grub> tu, GRUB imefikiwa lakini haijaliona faili lake la mipangilio. Ikiwa menyu ya GRUB inatokea vizuri, na baada ya kuichagua Ubuntu ndipo unapata "Kernel panic" au "emergency mode", UEFI imekwisha kumaliza kazi yake na tatizo liko kwenye keneli (kiini cha Linux), initramfs (faili linaloisaidia keneli kuanza) au faili la /etc/fstab (orodha ya sehemu za diski za kupachikwa). Wengi huiruka hatua hii, wakaishia kuitengeneza GRUB ambayo ilikuwa nzima.

Hatua ya pili: ingia kwenye mipangilio ya fimwea, kwa kawaida kwa F2, F10 au Delete, uangalie orodha ya kuwashia. Ikiwa Ubuntu imo lakini iko chini ya Windows, ipandishe juu, hifadhi, na kazi imekwisha.

Hatua ya tatu: tengeneza flashi ya Ubuntu kwa kompyuta nyingine.

Hatua ya nne: iwashe flashi hiyo kwa njia ya UEFI. Laptopu nyingi huonyesha flashi moja mara mbili kwenye menyu, mstari mmoja ukiwa na neno UEFI mbele na mwingine bila neno hilo. Chagua wenye neno hilo, kisha ukishafika kwenye terminali hakikisha:

ls /sys/firmware/efi

Folda hiyo isipokuwapo, umeingia kwa njia ya BIOS ya zamani: zima, urudie. Usijiambie kwamba utaendelea tu, kwa sababu ukiwa katika hali hiyo huwezi kuandika chochote kwenye kumbukumbu ya fimwea, na grub-install itakujibu "EFI variables are not supported on this system".

Hatua ya tano ndiyo inayoharibu mashine za watu, kwa hiyo isome yote kabla ya kugusa kibodi. Andika lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE, kisha utafute patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya aina ya vfat, ambayo mara nyingi huwa na ukubwa wa kati ya MB 100 na MB 512. Hiyo ndiyo patisheni ya EFI, na humo hukaa faili za kuwashia za mifumo yote iliyomo kwenye diski, zikiwamo za Windows ndani ya folda ya EFI/Microsoft. Usiifomati, hata kama programu fulani inakupendekezea, na hata kama unaamini kuwa ndiyo iliyoharibika. Ukiifomati, Windows nayo haitawaka. Tena UUID yake (namba yake ya utambulisho) itabadilika, na kwa kuwa /etc/fstab bado inaitafuta ile ya zamani, Ubuntu utakayokuwa umehangaika kuirudisha itakwama kwenye "emergency mode". Aliyekwisha kuifomati aendeshe blkid na kuiandika UUID mpya ndani ya fstab.

Pachika patisheni ya Ubuntu kwanza, ya EFI baadaye, ukiweka majina ya patisheni zako mwenyewe badala ya haya:

sudo mount /dev/nvme0n1p5 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Mstari wa mwisho, chroot, unakuingiza ndani ya Ubuntu iliyo kwenye diski. Ukisahau mstari wa pili, hatua inayofuata itakwambia kwamba /boot/efi haifanani na patisheni ya EFI, nayo itakuwa imesema kweli.

Hatua ya sita:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --bootloader-id=ubuntu
update-grub
efibootmgr -v

Amri ya mwisho ni ya kukagua tu: unataka kuona ubuntu imo, na namba yake iko mwanzoni mwa BootOrder. Wa Fedora msitumie grub2-install kwenye UEFI. Sakinisheni upya vifurushi vya shim-x64 na grub2-efi-x64 kwa dnf reinstall.

Hatua ya saba: exit, reboot, chomoa flashi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mbagala: Mkuu, yangu haiwaki, nimejaribu kila kitu. Msaada wa haraka tafadhali.

Jibu: Hatua ya kwanza. Rudi na maneno yaliyoandikwa kwenye skrini.

Kijana wa Mbagala: Skrini ni nyeusi tu, na nimesema nimejaribu kila kitu.

Jibu: Nyeusi yenye grub>, nyeusi yenye kishale kinachopepesa, au nyeusi isiyo na kitu? Hayo ni matatizo matatu tofauti, kaka.

Bi. Mdadisi: Shikamoo mwalimu. Nilichomoa diski ili kusafisha feni, nikaiwasha mashine kidogo bila diski nione kama feni inazunguka. Niliporudisha diski, Ubuntu imetoweka kwenye orodha ilhali faili zote zipo. Imekwenda wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Orodha ile haikai kwenye diski. Hukaa kwenye kumbukumbu ya ubao mama, na baadhi ya fimwea hulifuta jina la mfumo zikiwaka bila kuiona diski yake. Windows hurudi kwa sababu fimwea nyingi hulitafuta zenyewe faili lake. Huhitaji chroot wala grub-install. Washa flashi kwa UEFI, uliandike upya jina:

sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'

Namba baada ya -p ni ya patisheni ya EFI. Jina likizidi kutoweka kila unapozima, fimwea yako ni ya zile kaidi zinazolitambua faili la \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI peke yake. Hapo ndipo utakapofanya chroot na kuiongezea grub-install neno --removable.

Mzee wa Terminali: Si rahisi kuwaambia wote waizime Secure Boot (ulinzi wa fimwea unaokubali tu programu zilizotiwa saini), yaishe?

Jibu: Ni rahisi kwako usiye na Windows iliyofungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows). Mwenye nayo akibadilisha mpangilio huo, Windows inaweza kumdai ufunguo wa tarakimu 48 ambao hajui aliuhifadhi wapi. Autafute kwanza. Shim ya Ubuntu, programu ndogo inayoitangulia GRUB, imetiwa saini, kwa hiyo kwa kawaida hakuna haja ya kuizima. Ipo hali moja ninayoikubali: sasisho la Windows la Agosti 2024 lilizifanya Ubuntu nyingi zikwame kwenye ujumbe wa "Verifying shim SBAT data failed". Aliyekwama hapo aizime kwa muda, aingie Ubuntu, aendeshe sudo mokutil --set-sbat-policy delete, awashe upya mpaka ndani ya Ubuntu, asasishe vifurushi, ndipo airudishe.

Fundi Chipukizi: Betri yangu imekufa, na umeme ulikatika katikati ya kusasisha. Sasa napata "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)".

Jibu: Umeniletea ujumbe wenyewe, ahsante. Initramfs ya keneli mpya haikukamilika. Kwenye menyu ya GRUB ingia "Advanced options", uchague keneli ya zamani, kisha:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -c -k all
sudo update-grub

Ikiwa /boot yako ni patisheni ya peke yake, iangalie kwanza kwa df -h /boot. Ikiwa imejaa, ondoa keneli kuukuu kwa sudo apt autoremove --purge, maana ikiwa haina nafasi, amri ya pili itakatikia njiani hata umeme ukiwapo.