Unasoma uhandisi wa umeme na hujawahi kushika mita ya kupimia umeme (multimeter)? Fanya hivi

Mwaka wa 3 chuo, hesabu za transfoma unazimaliza vizuri ila ukipewa soketi iliyoungua unabaki unaitazama tu, mimi nilikuwa hivyo hivyo na inauma sana jamani. Usisubiri fildi (mafunzo ya vitendo kazini), wengi wetu wiki 8 ziliishia kwenye kupiga fotokopi. Likizo ikianza nenda kwa fundi wa mtaani, msalimie, mwambie ukweli kwamba hujui, omba umshikie tochi. Siku za mwanzo utafagia, we fagia. Nunua mita yako, na kabla hujagusa waya ijaribu mita kwenye soketi yenye umeme kwanza, halafu zima meni swichi ndo upime ule waya, maana mita mbovu nayo inaweza kusoma sifuri hata waya ukiwa na umeme. Ukipata hela kachukue kozi fupi VETA (vyuo vya ufundi stadi vya serikali).