Pima Shoki Kabla ya Kwenda Karura au Ngong

Ukinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, umenunua pia upepo aliouacha mwenyewe wa kwanza ndani ya shoki, yaani vifaa vya kupunguza mitikisiko. Kama alikuwa mtu wa kilo 95 nawe una kilo 62, shoki hazitashuka ipasavyo: kila jiwe litakugonga viganjani, na jioni utashindwa hata kukamua nguo. Wengi huona baiskeli ni mbovu, wakaiuza kwa bei ya kutupa. Huniuma nikiona hivyo, maana nusu saa ya kupima ingetosha kuiokoa.

Anza na uzito wako, ule wa siku ya safari. Wanaoweka mizani kando ya njia mjini watakupima kwa shilingi chache. Panda ukiwa na viatu, helmeti na mkoba uliojaa. Lita mbili za maji ni kilo mbili tayari, na shoki zitazibeba pamoja nawe.

Halafu tafuta pampu ya shoki, ile nyembamba yenye kipimo kinachofika psi 300 (psi ni kizio cha presha ya upepo). Vali ya shoki ni ya aina ile ile ya gurudumu la gari, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Mwanzoni nami nilipeleka yangu kituo cha mafuta. Chumba cha upepo cha shoki ni kidogo sana. Mguso mmoja wa kompresa hubadilisha kila kitu, nacho kipimo cha kompresa hakikuwekwa kwa kazi hiyo. Azima pampu kwa mwenzako, au mwombe fundi akuwekee huku ukisimama hapo.

Ukishajaza, bonyeza baiskeli polepole mara kumi ili upepo ugawanyike kati ya vyumba viwili vya ndani, kisha soma tena. Ukifungua pampu utasikia mlio wa upepo ukitoka. Huo ni upepo wa mpira wa pampu, si wa shoki. Ukiifunga tena, mshale utasoma chini kidogo, kwa kuwa hewa imehamia mpirani, kwa hiyo usikimbilie kuongeza.

Sasa pima sagi, yaani jinsi shoki inavyozama ukiipanda tu, kabla hujagonga kitu. Kwenye bomba linalong'aa kuna pete nyembamba ya mpira. Fungua swichi za kufungia shoki, egemea ukuta, panda na uchezeshe mwili kidogo, kisha ukae kama unavyoendesha. Mwenzako aisukume pete hadi chini kabisa, kwenye sili, ule mpira unaoziba pale bomba linapoingia. Shuka taratibu, bila kuruka. Umbali kutoka sili hadi pete ndio sagi. Kwa foki, yaani shoki ya mbele inayoshika gurudumu, asilimia 20 ya urefu inaoweza kuzama ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa shoki ya nyuma, kati ya 25 na 30. Foki ya milimita 120 basi izame kama 24. Shoki ya nyuma ambayo bomba lake husafiri milimita 50 izame kati ya 12.5 na 15. Ikizama zaidi, ongeza upepo kidogo kidogo; ikizama kidogo, punguza.

Foki za springi, zilizojaa kwenye baiskeli za bei nafuu, hazina vali. Kile kifundo cha juu hukaza springi isizame sana mwanzoni, lakini hakibadilishi ugumu wake. Kama ni laini mno kwako, dawa ni springi nyingine.

Baada ya sagi ndipo rebaundi, yaani mwendo wa shoki kurudi juu. Kifundo chake mara nyingi ni chekundu. Kizungushe mpaka kifunge, kisha ukirudishe ukihesabu mibofyo. Bonyeza kiti kwa nguvu na uachilie: baiskeli irudi haraka, lakini isirukeruke. Uzito ukiwa mkubwa, presha huwa juu, na shoki hutaka rebaundi ya polepole zaidi. Ila usizidishe. Kwenye barabara za murram zenye mawimbi, shoki inayorudi polepole mno haipati nafasi ya kuinuka kabla ya wimbi linalofuata, hivyo huzidi kuzama hadi inakuwa ngumu kama chuma. Ukihisi mikono inatetemeka hapo, fungua mibofyo miwili kabla ya kugusa upepo.

Njia nazo hazifanani. Msitu wa Karura, Nairobi, ni murram na mizizi, mwendo laini. Sagi ya chini kidogo hukusaidia kukanyaga pedeli bila baiskeli kucheza. Vilima vya Ngong hufika karibu mita 2,460, na mteremko wake una mawe na mitaro ya maji. Huko naongeza psi 5 kwenye foki, ili isidumbukie mbele ninapofunga breki. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike kwenye simu: uzito, psi ya mbele, psi ya nyuma, mibofyo. Presha ya tairi iandikwe humo pia, kwani tairi gumu huweza kukufanya uilaumu foki bure.

Mwisho, futa mabomba kwa kitambaa laini. Mstari wa mafuta uking'ang'ania bombani, au mkwaruzo unaoshika kucha, unataka fundi kabla ya safari. RockShox, kampuni inayotengeneza shoki, kwa mfano, hupendekeza huduma ndogo kila baada ya saa 50 za kuendesha, na vumbi letu jekundu halivumilii kucheleweshwa.

Asubuhi ya safari irudishe pete chini kwenye sili. Ukimaliza mteremko mrefu, itazame: ikifika karibu na mwisho wa bomba mara moja tu pale palipokuwa pabaya zaidi, upepo wako uko sawa. Ikiwa bado katikati, punguza psi 5 ukapite njia ile ile tena.