Kabla hujaleta malkia wa sisimizi nyumbani

Mvua za kwanza za Lubumbashi zikishanyesha, Oktoba au Novemba, kumbikumbi hujaa kwenye taa za barazani na watoto wa Katuba hukimbilia ndoo. Majira hayohayo malkia wa sisimizi nao huruka, na hapo ndipo mfugaji anapompata wake. Vyote utakavyohitaji viwe tayari tangu kiangazi, maana usiku ule maduka yamefungwa na wewe huna hata pamba.

Ninachokiweka mbele ya vifaa vyote ni subira. Malkia wa aina nyingi, wakiwemo wale wa Pheidole wenye askari wa vichwa vikubwa, akishapandwa hudondosha mabawa, hujifungia peke yake na kulea mabinti wa kwanza bila kula chochote. Anawalisha kwa mafuta ya mwili wake na kwa misuli ya mabawa ambayo haina kazi tena. Kukiwa na joto zuri, vibarua wa kwanza hutoka baada ya mwezi mmoja hivi; kukiwa na baridi, zaidi. Muda huo wote kazi yako ni kumwacha gizani. Ukimmulika na kumtikisa mara kwa mara anaweza kuyala mayai yake mwenyewe. Unayejijua huwezi kupitisha wiki bila kuchungulia, subiri kwanza mvua za mwaka mwingine.

Jizoeze kumtambua. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana na kiuno chake hakionekani. Sisimizi ana kiuno chembamba, mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, na vipapasio vyake vya kichwani vimepinda kama kiwiko. Wa kuchukua ni yule anayekimbia chini bila mabawa, kifua kimetuna, na ukimtazama kwa karibu unaona makovu madogo pale mabawa yalipokuwa. Huyo kwa kawaida ameshapandwa.

Wako wa kuwaacha kabisa. Siafu huishi kwa kuhamahama na kuwinda kwa makundi makubwa mno, hawafugiki chumbani. Na wale wa manjano wa milimita 2 wanaofuata sukari jikoni, Monomorium pharaonis, usiwaguse: kundi lao lina malkia wengi, na vibarua wachache wakitoroka na mayai wanaanzisha kundi jingine ndani ya ukuta. Hospitali za nchi nyingi zimesumbuliwa nao. Usiagize pia aina za kigeni. Wakitoroka, sisimizi wa hapa ndio watakaoumia.

Nyumba ya kwanza ni rahisi: mrija wa kioo wa maabara, maji hadi theluthi, pamba iliyosukumwa mpaka iguse maji, kisha malkia, kisha pamba kavu mdomoni. Ufunike kwa karatasi nyeusi. Weka mrija wa akiba pembeni, kwa sababu maji huisha au huingia ukungu. Kiangazi hewa yetu ni kavu sana, na kiu huua kundi dogo haraka kuliko njaa.

Suala linalonipa wasiwasi zaidi ni dawa. Dawa ya kupulizia, ya mbu ya kuwasha, hata ile iliyotiwa kwenye chandarua, zote zinaua sisimizi. Malaria si mchezo, kwa hiyo usimwombe mtu yeyote nyumbani aache kujikinga kwa ajili ya mrija wako. Tafuta chumba ambacho hakipulizwi, na ukikosa, acha kufuga. Zungumza na mama wa nyumba na mwenye nyumba mapema. Watoto waelezwe kwamba mrija hauchezewi. Juni na Julai usiku joto hushuka hata chini ya nyuzi 10, basi sogeza mrija mahali pasipo na upepo, lakini si karibu na mbabula, yaani jiko la mkaa, kwani moto na moshi wa makala vyote ni hatari kwao.

Kutoroka nako kunazuiwa mapema. Matundu ya chandarua ni mapana kwa sisimizi wadogo hivi, hayafai kuwa kifuniko. Paka vaselini nyembamba kwenye ukingo wa ndani wa sanduku la kulishia, lile ambalo vibarua hutoka mrijani kulia humo. Poda ya mtoto iliyochanganywa na alkoli nayo hufanya kazi, ila msimu wa mvua unyevu huidhoofisha. Hatari hutoka nje vilevile: sisimizi wa mwituni wakinusa chakula huvamia na kuiba watoto wa sisimizi wako. Simamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya nyanya yenye maji na tone la sabuni.

Vibarua wakishatoka, chakula ni tone la asali iliyochanganywa na maji, dogo kama punje ya mchele, maana likizidi wanazama humo, pamoja na kipande cha mdudu ambaye hakufa kwa dawa. Kumbikumbi aliyekatwa anafaa sana. Mabaki yaondolewe kesho yake.

Mwisho, fikiria miaka. Malkia mmoja wa Lasius niger, aina ya sisimizi weusi, aliyefugwa Ulaya aliishi takriban miaka 28. Wengi hawafiki huko, lakini akifa wako kundi huisha naye, kwa sababu vibarua hawawezi kumpata mwingine ndani ya sanduku. Ukiwa mtu wa kusafiri kwenda Likasi au Kolwezi kila mara, mtafute sasa ndugu atakayeongeza maji, na umwonyeshe kwa mkono jinsi pamba inavyobadilishwa.