Kituo cha Morse Ufuoni Shela: Somo kwa Wanaoanza Kupiga Morse Nje ya Nyumba

Somo hili ni la mwanachama wa chama chetu ambaye tayari ana leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kujifurahisha na si ya biashara, anayeweza kusoma Morse, lugha ya nukta na vistari, kwa mwendo wa maneno 12 kwa dakika, na ambaye hadi leo amekuwa akifanyia mawasiliano yake nyumbani, katikati ya kelele za chaja za majirani na mitambo ya sola. Ninaeleza namna ninavyofungua kituo kidogo cha wati 5 kwenye ufuo wa Shela, kisiwani Lamu. Wati 5 ni kidogo kwa anayezungumza kwa sauti, lakini ishara ya Morse hubana nguvu zote katika upana wa hezi mia moja na kidogo, ilhali sauti ya mtu huhitaji zaidi ya hezi 2,000. Ndiyo maana nukta na vistari hupenya pale maneno yanapozama.

Hatua ya kwanza: yasome maji kabla ya kuwasha redio

Antena ya wima yenye urefu wa robo ya wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni ardhi iliyo chini yake, na mchanga mkavu ni ardhi mbaya sana kwa kazi hiyo. Maji ya bahari hupitisha umeme mara elfu kadhaa kuliko mchanga huo, kwa hiyo antena iliyosimama ukingoni mwa maji hutoa wimbi linalotambaa chini karibu na upeo wa macho, nalo ndilo linalofika mbali. Kwa maoni yangu, hakuna redio ya bei kubwa itakayokupa faida unayopewa bure na chumvi.

Tatizo ni kwamba ukingo huo hautulii. Mara yangu ya kwanza nilifika siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji yakiwa yamekupwa, nikafurahia uwanja mpana wa mchanga ulioloa na kutandika mkeka katikati yake. Sikukumbuka kwamba hayo yalikuwa maji ya bamvua, ambayo katika pwani yetu hupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita na dakika chache. Nilikuwa nimeinamia daftari, masikio yamezibwa na hedifoni, nilipohisi baridi magotini. Redio niliiokoa; betri na begi vilikunywa maji, na hapakuwa na wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Tangu siku hiyo hufika saa moja au mbili baada ya maji kujaa. Husimamisha antena kwenye alama ya juu ambako maji yamefika siku hiyo, nami hukaa nyuma yake, upande wa nchi kavu. Maji yakipwa, mchanga chini ya antena hubaki umeloa chumvi na kuendelea kufanya kazi, nami huwa na saa nane au zaidi kabla ya bahari kunirudia. Siku za maji mafu ukingo hausogei sana, na anayeanza afadhali azichague hizo. Usipokuwa na jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote.

Hatua ya pili: jitambulishe

Chukua nakala ya leseni yako iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kisha mjulishe chifu na kituo cha polisi kilicho karibu kabla ya siku yenyewe. Lamu ni mahali penye ulinzi, na mtu anayekaa peke yake ufuoni na waya, mlingoti na hedifoni ni haki yake kuulizwa maswali.

Hatua ya tatu: antena

Kwa masafa ya megahezi 14.060, robo ya wimbi ni takriban mita 5.07. Kata waya wa mita 5.20 kisha upunguze kidogo kidogo huku ukitazama mita inayopima nguvu zinazorudi, kwa sababu waya uliokatwa mfupi hauongezeki. Ufunge kwenye ufito wa fiba wa kuvulia samaki, wenye urefu wa mita 6, ule unaochomoka kipande baada ya kipande. Chini yake tandaza nyaya mbili hadi nne za mita 5 juu ya mchanga ulioloa, ziunganishe na ganda la nje la kebo inayotoka redioni, na uzifunge vitambaa vyekundu ili watoto na punda wasijikwae.

Mchanga haushiki kigingi. Badala yake jaza mchanga wenye maji katika mifuko mitatu, ifukie kina cha mkono, na ufungie kamba za kukazia humo. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mlingoti usiokazwa vizuri hauchukui hata robo saa.

Hatua ya nne: umeme na kibonyezo

Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 3 inatosha asubuhi nzima. Kibonyezo, yaani kitufe cha kupigia Morse, kifunge kwenye paja lako kwa ukanda, kisiwekwe mkekani, kwa sababu punje moja ya mchanga kati ya ncha zake hugeuza kistari kuwa nukta.

Hatua ya tano: kuita

Sikiliza kwanza kwa dakika kadhaa. Masafa yakiwa kimya, tuma QRL? mara mbili ili kuuliza kama kuna anayeyatumia. Usipojibiwa, tuma CQ (mwito kwa kituo chochote) mara tatu, kisha DE (yaani "kutoka kwa"), kisha ishara yako ya mwito inayoanza na 5Z4, ukimalizia kwa mkwaju (/) na P kuonyesha kwamba uko nje ya kituo chako cha kawaida. Kistari kiwe na urefu wa nukta tatu, nafasi kati ya herufi iwe ya nukta tatu, na kati ya maneno iwe ya nukta saba. Wengi wetu tukiona wanaotuita ni wengi huharakisha na kuzila nafasi hizo, na hapo ndipo tunapopotea.

Hatua ya sita: saa ya daftari

Daftari la mawasiliano huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, nasi tunafikiri kwa saa za Kiswahili. Kwa saa ya mchana, ongeza 3: saa 4 asubuhi ni 07:00. Kwa saa ya usiku, ongeza 15: saa 1 usiku ni 16:00. Jumla ikifika 24 au kuzidi, toa 24.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shela: Shikamoo mwalimu. Ulaya nawasikia vizuri lakini hawanijibu, ilhali India hunijibu mara moja. Kwa nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ufuo wetu unatazama bahari upande wa kusini mashariki, na Ulaya iko nyuma yako, kaskazini magharibi, ng'ambo ya vilima vya mchanga. Kwa Ulaya jaribu waya wa nusu ya wimbi, takriban mita 10.15, uliolazwa juu kadiri unavyoweza, kwani waya wa kulala hautegemei sana ubora wa ardhi. Usichimbe vilimani wala kukanyaga mimea yake. Chini yake ndiko yaliko maji matamu ya kisiwa.

Mwanachama wa Malindi: Bwana mwalimu, huku mto Sabaki ukifurika, bahari hugeuka rangi ya udongo. Je, faida ya chumvi hupotea?

Jibu: Hupungua karibu na mlango wa mto, dada yangu, kwa kuwa maji ya mto yana chumvi kidogo mno. Sogea kusini, upande wa Silversands, uondoke penye maji yaliyochanganyika sana.

Mwanachama wa Mokowe: Nimeandika mawasiliano ya saa 12 na robo asubuhi kuwa 15:15, na mwenzangu wa Japani anasema hayalingani na daftari lake.

Jibu: Yeye ndiye aliye sahihi. Saa 12 ya alfajiri bado huhesabiwa na usiku, kwa hiyo ongeza 15, toa 24, upate 03:15. Angalia pia tarehe: kati ya saa 6 na saa 9 usiku, kwa UTC bado ni jana.

Mwanachama wa Lamu mjini: Viungo vya kebo yangu vimeota kutu ya kijani baada ya safari mbili tu. Nifanyeje?

Jibu: Vifute kwa kitambaa chenye maji matamu jioni ile ile, usingoje kesho, uviache vikauke kivulini, kisha upake mafuta kidogo kwenye nyuzi za nje za skrubu. Viungo vilivyokwisha kuwa kijani hadi ndani vikate, uunge kebo kwa lehemu upya.